Funda Moja Mbele ya Pijo ya Reuben

…asimeze, hilo ndilo la kwanza, asimeze, asicheke, asikohoe, maana funda limejaza mashavu yote mawili na maji ya miwa ni makaidi, yanalitafuta koo yenyewe, na huyu Khaemba na kipaza sauti chake hana haraka hata kidogo, anasema mabibi na mabwana, wageni wetu wa kutoka Nairobi na Mombasa, huyu mama yetu anaitwa Dinah Wakesho, ametoka Ronge, yeye ndiye atabariki magari yetu na mila ya hapa Taita, inaitwa kutasa, yaani anapuliza maji na mdomo halafu anasema maneno, wenye kamera wasonge mbele tafadhali, na wenye kamera wanasonga, Mzungu mmoja wa kaptula amepiga goti kabisa kwenye vumbi la Voi kama mtu anayepokea Meza ya Bwana, na Dinah amesimama ndani ya kamba, kibuyu mkononi, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, mbele ya pua ya Pijo ya samawati, karibu kiasi cha kujiona kwenye bampa, mwanamke mdogo mwenye mashavu ya mpiga tarumbeta, na anawaza, nimekupata, Reuben, leo nimekupata, funda moja tu, nikilipuliza hili pamoja na maneno niliyokuja nayo, Krismasi hii utapelekwa kanisani umebebwa.

Na hakuna aliyeuliza, hilo ndilo linalomshangaza, umati wote huu na nusu yake ni watu wa milimani, watu waliozaliwa na kuona kibuyu kabla ya kuona Biblia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza… baba yake, marehemu Mwandawiro, alikuwa akiwatasia watu wa bonde zima, safari, mbegu, mtoto mgonjwa, ndugu waliogombana, na kabla hajagusa kibuyu ilikuwa lazima mtu amwulize kwa sauti, mbele ya wote, moyo wako una hasira, na kama ipo alisema ipo, shughuli ikasimama papo hapo mpaka ijulikane ni hasira ya nini na juu ya nani, maana funda la mwenye hasira haliombei, linapiga, mtoto mdogo alijua hivyo… siku moja alikataa kuwatasia vijana waliokuwa wanashuka kwenda kutafuta kazi Mombasa kwa sababu asubuhi ile mbuzi wa jirani alikuwa ameingia kwenye maharagwe yake, akawaambia waziwazi, kaeni kwanza, nina hasira na mbuzi na mwenye mbuzi, nikipuliza hivi nilivyo nitawavunja miguu bure, wakacheka, lakini wakakaa, wakamngoja mwenye mbuzi aletwe… na leo, kwa sababu kuna hema na soda na Wazungu, wamesahau yote, wazee wa kiume walipoombwa walisema sisi tumeokoka, mambo hayo tumeyaacha, basi Mable, mwenyekiti wa akina mama, akasema si yuko Dinah, binti wa Mwandawiro, na alipokuja nyumbani kumwomba alikuwa na aibu kidogo, akasema ni maonyesho tu, mama, si kutasa kwenyewe, ni kama vile watalii wanavyochezewa ngoma hotelini, na Dinah alisema ndiyo kabla Mable hajamaliza, Dinah anayeimba sauti ya pili kanisani, Dinah ambaye hajagusa kibuyu tangu baba yake azikwe, hapo Mable angeshtuka kama angekuwa na akili, angeweka chini kikombe cha chai na kuuliza, lakini Mable alifurahi, akauliza tu avae nini… maonyesho, kwani kibuyu kinajua maonyesho, kwani maji yanajua kwamba kuna mtu anapiga picha.

Miwa ameikamua mwenyewe asubuhi, kinuni, kutoka kwenye vishina vilivyobaki kando ya kijito, maana mwaka huu wa themanini na nne hata Ronge penyewe pamekauka, watu wanapanga foleni ya mahindi ya manjano ya msaada, ng'ombe wamekufa kuanzia hapa mpaka Kasigau, halafu unafika uwanjani unakuta vijana wanaosha magari, wanaosha matairi, ndoo juu ya ndoo, tairi linang'aa kuliko uso wa mtoto… amepitishwa kote na Mable kabla ya shughuli, huku akishikwa mkono kama mgonjwa, wameyapanga kwa mafungu na kila fungu lina kibao chake, Magari ya Vita, malori yenye magurudumu ya mbao yaliyokuwa yakivutana na matope kuelekea Taveta wakati wa Wajerumani, halafu Pikipiki za Injili, pikipiki za wamishonari zilizopanda milima hii na sanduku la Biblia nyuma, Mable akazililia machozi kidogo, halafu Magari ya Mkonge, matrekta na jipu za mashambani, na mwisho, chini ya hema kubwa kuliko yote, penye bendera na maua ya karatasi, Magari ya Uhuru, yaani magari yaliyobeba watu mwaka wa sitini na tatu, na katikati yao, peke yake kwenye zulia, zulia kabisa, Pijo ya Reuben, gari la kwanza la mtu mweusi kupanda milimani, ndivyo kibao kinavyosema, na ni kweli, Dinah hapingi, alikuwepo, gari lilipita Mwatate likipiga honi na watu wakatoka majumbani wakalikimbilia, hata wazee, hata mwenyewe Dinah na ujana wake wote, na siku ya Uhuru Reuben aliwapakia watoto akawazungusha mpaka barabara ya reli na kurudi, watoto kumi na zaidi ndani ya Pijo moja, vichwa nje ya madirisha kama kuku wa sokoni, na mmoja wao alikuwa Lois, Lois wake, wa miaka sita, aliyeshuka akiwa hawezi kusema kwa furaha, akawa kwa wiki nzima anatembea ndani ya nyumba akishika usukani usiokuwepo… alilipanda, ndiyo, mtoto wangu alilipanda gari hili, na Reuben alimjua, alimjua kwa jina, asije mtu akaniambia hakumjua.

Maana hilo ndilo jambo lenyewe, si kumgonga, watu wanagongwa, mvua ilikuwa inanyesha na barabara ile ya Mwatate ikinyeshewa ni sabuni tupu, mtoto anatoka shule amejifunika gunia kichwani, dereva haoni, yanatokea, Dinah angeweza, anafikiri angeweza, siku moja, baada ya kulia kwake, kumwambia mtu aliyemgonga mtoto wake kwamba yanatokea… lakini Lois hakukutwa barabarani. Alikutwa majanini, kando, amelazwa chali, miguu imenyooshwa pamoja, na mfuko wake wa vitabu umewekwa chini ya kichwa kama mto. Mtu alisimamisha gari. Mtu alishuka kwenye mvua, akamwinua, akambeba mpaka pembeni, akamtafutia mahali pasipo na maji, akamwekea mto, na mtu hamwekei maiti mto, mto huwekewa anayepumua, halafu akarudi garini, gari, gari lenye magurudumu manne na kiti cha nyuma kipana, na hospitali ya Voi pale chini, akaingia akafunga mlango akaenda zake… na kuna Nyongesa, fundi wa reli, aliyekuwa anarudi na kiberenge kutoka upande wa Taveta, alisimama penye makutano ya reli na barabara akaona Pijo ya samawati ikipita na taa moja, ya pili imevunjika, alisema hivyo kwa Dinah, akasema na kwa polisi, wakamwambia Mluhya wewe umelewa, na mwezi uliofuata akahamishwa kwenda kufanya kazi bara, na Reuben akasema siku ile alikuwa Taveta kwenye arusi, na watu wa arusi wakasema ndiyo, alikuwepo, alicheza, na gari lilikuwa Mombasa kutengenezwa, na siku ya mazishi alipanda Ronge kwa miguu, tajiri mwenye gari kwa miguu, na jasho usoni, nyuma yake mtu amebeba gunia la mchele, na mchele ule ulipikwa, na Dinah aliula, aliwekewa sahani mkononi akaula, hajui mpaka leo ulishukaje.

Na sasa zitazame taa, yeyote mwenye macho azitazame, ziko hapa mbele ya mashavu yake, ya kushoto kioo chake kina mistari ya kusimama na kimeingia umanjano kwa uzee, ya kulia ni kioo laini, cheupe, cha gari jingine, wamepaka rangi yote, wameng'arisha kila chuma, wakasahau kwamba macho mawili ya gari moja hayawezi kuzeeka tofauti, na Wazungu wa chama cha magari wamezunguka na makaratasi yao wakasema aah, safi sana, ya asili kabisa… asimeze, limeteremka kidogo, tone moja limekwenda, lililobaki linatosha… baba yake alikuja na kibuyu baada ya mazishi, akakaa naye mlangoni, akamwambia mwanangu, tasa, weka maji mdomoni, sema hasira yako yote, mtaje huyo mtu, uipulize nje, usiilaze ndani ya nyumba, na Dinah alifunga mdomo, akafumba midomo kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa, mzee akangoja mpaka jua likazama, akayamwaga maji, akasema basi utaniambia ukiwa tayari, na hakuwa tayari, hakutaka kuitoa, alitaka kuitunza, aliitunza, akailisha, Noah mumewe aliondoka akaenda Taveta kulima ndizi na mwanamke mwingine, na siku ya kuondoka alisema Dinah, mimi nimemlilia mtoto wangu, nikamaliza, lakini humu ndani siwezi kuvuta pumzi, na Alexander, kijana wao, amekuwa mwalimu, anakuja mwezi wa Desemba analala siku mbili, macho yako mlangoni, mwaka jana aliweka kijiko chini katikati ya chakula akasema mama, tangu nifike umemtaja Reuben mara ngapi, na Dinah alikasirika naye pia… waende, kila mtu na mguu wake, mimi nilikuwa na kazi, nilikuwa nangoja, na kungoja kumeisha, mwanamume huyo amejiletea mwenyewe gari lake mpaka mdomoni mwangu.

Maneno anayo, ameyafanyia mazoezi njiani, Reuben, mikono iliyomwekea mwanangu mto isiinue kijiko, macho yaliyomwona yasione mlango, gari hili likuzike na… Khaemba anasema mama yuko karibu kuanza, mnajua hii ni mambo ya ndani sana, lazima azungumze na mababu kwanza, watu wanacheka, Khaemba wa watu, ametoka Bungoma na kalamu mfukoni, karani wa shamba la mkonge, mtu mzuri, hajui hili wala lile, na sasa anasema ooh, na mwenye gari mwenyewe ndiye huyu anakuja, mpigieni makofi Mzee Reuben, na umati unapasuka kumpa njia, na Dinah anainua macho kutoka kwenye bampa… amezeeka. Ana fimbo. Koti ni lile la arusi na mazishi, limekuwa pana, mtu amepungua ndani yake, kofia iko mkononi, na anatembea akitazama chini mpaka anafika kwenye kamba, anaiinua kwa fimbo, anaingia, anasimama upande wa pili wa pua ya gari, na hapo tu ndipo anamtazama, kwa mara ya kwanza tangu lile gunia la mchele, maana sokoni hugeuka, kanisani hukaa nyuma, kila mtu ameona na kila mtu amejifanya haoni… mtazame, Dinah, usipepese, mwache aone nani ameshika kibuyu, na Reuben anaona, na kwa Kidawida, si kwa Kiswahili cha wageni, kwa sauti ambayo Khaemba hawezi kuielewa lakini kila mtu wa milimani anaisikia, anauliza:

"Dinah, binti wa Mwandawiro. Moyo wako una hasira?"

Ameuliza. Huyu. Kati ya watu wote, huyu ndiye aliyekumbuka kuuliza, na ukimya ulioingia hemani umeingia vipandevipande, hapa umenyamaza mtu wa Ronge, pale mtu wa Mwatate, huku wa Mombasa wanaendelea kutafuna njugu, na Mable nyuma yake anasema Yesu wangu, chini chini, Yesu wangu, kwa sababu sasa naye amekumbuka, na kila mmoja anajua kwamba Reuben hakuuliza bila kuwa na cha kuogopa, na kwamba likishaulizwa lazima lijibiwe, na funda limejaa mdomoni, hawezi kusema, hahitaji kusema, Dinah anainua kidevu na kukishusha, mara moja, taratibu, ndiyo… ndiyo, ipo. Basi. Imekwisha. Kichwa kimoja kimeshuka na watu wa milimani wamerudi nyuma, hawakukubaliana, miguu yao imerudi yenyewe, mpaka kukawa na nafasi tupu kuzunguka Pijo, gari na zulia lake na mzee na kofia yake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hasira ya nini wala juu ya nani, maana yake walijua, wote, miaka yote hii walijua wakanyamaza, na Reuben amelishika bampa kwa mkono mmoja asianguke, na Khaemba masikini anapiga kelele, mama amesema ndiyo, yuko tayari, makofi kwa mama, na Wazungu wanapiga makofi, wa Mombasa wanapiga makofi, na watu wa Taita wamesimama mikono chini kama wako makaburini.

Hiki ndicho alichokitaka, hiki hasa, hakuota kikubwa zaidi ya hiki, na Dinah anangoja utamu wake, anaungoja ushuke, lakini utamu uliopo ni ule wa miwa tu, umeanza kupata joto la mdomo na kuchusha… ni kwamba hajamwita mwenyewe, ndiyo, amemsahau mwenyewe, ushindi huu si wake, ni wa Lois, ngoja amwite aone, Lois, njoo, njoo mama, mtazame huyu mzee alivyo, lakini anayekuja ni Pijo, anafumba macho na inakuja Pijo, namba zake, kipini cha mlango wa nyuma kilicholegea, simba mdogo wa chuma kwenye pua, harufu ya viti, mistari ya kile kioo, kila kitu, safi, kama kimeoshwa, jaribu tena, Lois, uso, uso wa Lois, na unakuja uso wa Reuben kijana, wa mwaka wa sitini na sita, mwenye ndevu nyeusi, jasho na mchele, hapana, toka, alikuwa na pengo, Lois, jino lilikuwa limeng'oka mbele, la kushoto au la kulia, ni lipi, mama gani asiyejua, lilikuwa la… hajui. Hajui. Sauti yake alipokuwa anaita kutoka mtoni, aliitaje, alisema mama au mae, hajui, na anaitafuta kama mtu anayepapasa gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe na kila anachokigusa ni cha mtu mwingine, taa, bampa, koti, fimbo, arusi ya Taveta, nyumba nzima imejaa Reuben, amelala kwenye kitanda cha mtoto, amekalia kigoda chake, amekula kila siku sahani yake, na ni nani aliyempakulia, ni mimi, asubuhi na jioni, nilimkataza Noah kuvuta pumzi humu ili Reuben apate nafasi… na hasira inapanda upya, kubwa kuliko ile aliyokuja nayo kutoka Ronge, Reuben alimchukua mtoto mara moja, siku moja ya mvua, kilichobaki chake miaka yote hii tumekichukua pamoja, yeye na mimi, kidogo kidogo, mpaka jino.

Yale maneno yako wapi, isiinue kijiko, yasione mlango, anayagusa na yameshakauka, huyu mzee hainui kijiko vizuri tayari, mtu yeyote anaona, anatunzwa na mke wa mwanawe, na laana ni nini kama si kumkaribisha tena ndani, Reuben mgonjwa, Reuben kitandani, Reuben amekufa, mazishi ya Reuben, chakula cha mazishi ya Reuben, miaka mingine yote ya kumwuguza ndani ya kichwa chake… hapana, hapana, sikutaki, sikutaki hata ukiwa maiti, toka kwenye nyumba ya mtoto wangu, chukua gari lako, chukua na zulia, nataka nafasi yake, nataka pale alipokuwa, sijui nitamkuta na nini lakini nipishe nitafute, na Reuben bado amelishika bampa, anasema kitu, midomo inacheza, amesema nilisikia akipumua, Dinah, nilisikia, au hakusema, au ni feni la hema, na siku nyingine yoyote ya maisha yake Dinah angetoa mkono mmoja ili asikie maneno hayo, leo hayageukii, hana masikio ya kumpa, ana kazi… aanzie chini. Uso haupatikani kwa kuurukia, aanzie miguuni, miguu ya Lois, anaijua miguu, aliiosha, mguu wa kulia ulikuwa unaingia ndani kidogo akitembea, ndiyo, na alikuwa anapanda kile kilima cha kwenda kwa bibi yake akiwa mbele, daima mbele, hataki kushikwa, anakokota kile kijiti, anachora mstari mavumbini njia nzima ili tusipotee kurudi, alisema, kama kwamba njia ya Ronge mtu anaweza kuipotea, na visigino vimepauka, na goti la kushoto lina kovu, kovu la moto, na gauni ni lile la kijani lililotoka kwa dada yake Noah, mkanda hauna kishikizo, unaning'inia nyuma, unagongagonga, na shingo, shingo nyembamba, na nywele zimesukwa upande mmoja tu kwa sababu alikataa kukaa zimalizwe… Khaemba anasema mama, mama Dinah, tunakungoja, wageni wana safari, na Mable amemgusa mgongo, na Mzungu wa kaptula amebadilisha goti, na Reuben kichwa kimeinama mbele ya taa zake anangoja lolote litakalokuja, na Dinah, na funda lile lile mdomoni, anainua mkono wenye kibuyu kuwanyamazisha wote, wangoje, na Reuben angoje, kwa sababu mtoto kule mbele njiani amesimama, ameinua kijiti, amesikia kwamba mama yake amechelewa nyuma, na sasa hivi, wakinyamaza kidogo tu, atageuka.